Bendera Nyeupe ya Ha Rantsane

Ha Rantsane, Mokhotlong
12 Agosti 2001

Wifi Limakatso,

Salamu nyingi. Sisi hapa wazima, theluji ya wiki iliyopita imeanza kuyeyuka na matope ni yale unayoyajua. Baba mkwe anakohoa lakini anakohoa kwa kiburi, dawa hataki. Mguu wa Nyakallo umeunga vizuri, ila daktari amesisitiza asivuke mto na mlima kwenda shule mpaka mwakani. Basi tunaendelea na shule yetu ya mezani, mimi mwalimu, yeye mwanafunzi, na babu yake mkaguzi anayesinzia.

Kilichonifanya nishike kalamu ni sayansi. Hesabu anafanya, kusoma anasoma mpaka namnyang'anya mshumaa. Lakini sayansi imekufa kabisa. Jana nilimwekea maharage kwenye pamba, kama kitabu ulichotuletea kinavyosema. Akayatazama kidogo, akasema, "Mama, yataota." Nikamwambia najua yataota, lakini tuangalie yanavyoota. "Yataota, Mama. Mwaka jana tulipanda shamba zima." Kisha akageukia ukutani na blanketi lake. Na huyu ndiye mtoto aliyepasua redio ya babu yake akimtafuta mtu anayesoma habari!

Tulivyokubaliana na kaka yako kabla hajarudi mgodini Welkom sijasahau. Desemba unakuja kumpima, na akianguka sayansi, Januari anahamia kwako Maseru. Thabang alisema wewe ndiye mwalimu, wewe uamue, akapanda basi akaenda zake. Kwa hiyo namwomba msaada mtu yuleyule atakayenichukulia mtoto, maana mwalimu mwingine simjui. Mimi niliishia kidato cha tatu, na mwalimu wetu wa sayansi alikuwa analala darasani kuliko sisi.

Akiondoka, wifi, nitabaki mimi na mzee na kuku. Nakwambia wazi.

Wifi yako,
Mama Nyakallo


Maseru
24 Agosti 2001

Wifi mpendwa,

Barua yako nimeipata, na pole kwa theluji. Mtoto wa miaka kumi kuchoka masomo si ugonjwa, ni kawaida, hasa akikaa siku nzima na watu wazima wawili. Ndiyo sababu nilimwambia Thabang kwamba mtoto anahitaji darasa lenye wenzake na mwalimu aliyesomea. Sisemi hivyo kukudharau.

Hata hivyo, jaribu kumtoa nje. Sayansi si maharage peke yake. Achukue kitambaa chepesi, akifunge kwenye mti mrefu uani, kila asubuhi na jioni aandike upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Darasa langu walilipenda sana zoezi hili. Kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, na mchoro wa mawingu pembeni.

Chumba chake kiko tayari. Nimenunua pazia la manjano na meza ndogo yenye droo. Nyumba hii ina vyumba vitatu na mimi natumia kimoja, kwa hiyo asifikiri atanisumbua. Jumapili atakuwa anakwenda nami kanisani, na akina mama wa sala wanamsubiri kwa hamu.

Msalimie baba. Mwambie dawa haimezwi kwa kiburi.

Limakatso


Ha Rantsane
9 Septemba 2001

Wifi,

Kweli umekaa Maseru mpaka umesahau ulikozaliwa!

Ijumaa nilishuka mjini kumchukulia baba mkwe dawa zake, nikamwachia Nyakallo zoezi lako la upepo. Narudi jioni, tangu kule kwenye kona ya mlima naona watu wamejaa uani kwangu. Nikajua mzee ametutoka. Nikakimbia na kapu kichwani. Kufika, mzee yuko mlangoni anacheka mpaka anapigapiga fimbo chini, na juu ya mti mrefu kuliko yote aliyoweza kuipata, Nyakallo ametundika mfuko mweupe wa unga.

Mweupe, wifi! Kama ni nyekundu wangekuja kununua nyama, kama ni kijani wangetaka mboga. Nyeupe hata mtoto anayenyonya anajua ni pombe ya mtama imeiva. Wanaume wa kijiji cha Ha Poli walikuwa wamekuja na vikombe vyao. Mmoja akaniambia, "Dada, tumekausha koo tangu saa nane, unatuwekea nini?" Nikamwambia ninawawekea upepo, hicho ndicho kilichopo. Hakucheka.

Ubaya wenyewe ni kwamba Ijumaa ilikuwa siku ya Mama Lineo. Pombe yake ilikuwa imeiva, bendera yake iko kule bondeni, na wateja wote wameiona ya kwetu juu huku. Vyungu vyake vimechacha kupita kiasi, akamwaga. Unamjua alivyo, na tangu Lineo wake aende Johannesburg asilete tena habari, hasira zimeongezeka. Jumamosi tukaitwa kwa mama chifu. Chifu akamuuliza Nyakallo, "Bendera ile ilikuwa ya nini?" Akajibu, "Ya sayansi, Mama." Baraza zima likaangua kicheko, isipokuwa Mama Lineo.

Uamuzi ni huu: kila akimaliza masomo, Nyakallo atamsaidia Mama Lineo kazi za nyumbani mpaka mvua zitakapotulia. Mbele ya chifu nilikubali kwa heshima, lakini nyumbani nililia. Ningekuwa na nguvu ningekutumia huo mfuko wa unga kwa posta.

Mama Nyakallo


Ha Rantsane
11 Septemba 2001

Shangazi Limakatso, shikamoo.

Barua hii nimempa dereva wa basi mwenyewe. Mama hajaiona, naomba asiione.

Mama anasema kosa ni lako kwa sababu umesahau mambo ya huku. Si kosa lako. Uliandika kitambaa chepesi, hukuandika cheupe. Kilikuwepo kitambaa cha bluu pia. Nilichagua cheupe mimi.

Upepo haukunifurahisha kwa sababu mlango wetu tunaufungua upande ambao upepo hautoki, kila mtu anajua unatoka wapi. Nilitaka kujua bendera inaonekana kutoka wapi. Babu anasema ya bibi zamani ilionekana mpaka njia ya basi kule juu mlimani, na mama anasema babu anatia chumvi. Nikaona nikitundika, watakaokuja watanijibu wenyewe.

Sasa sikiliza. Ha Poli ni mbali kuliko kijiji cha Thabong, lakini watu wa Ha Poli ndio walifika kwanza. Watu wa Thabong hawakuja hata mmoja. Niliwaza sana. Kumbe kuna ule mgongo wa mlima wenye mawe, unawaziba. Kwa hiyo kuwa karibu si kuona. Kitabu hakina jambo hili, nimetafuta.

Shangazi, ukiniuliza kwa nini sipendi sayansi, nitakwambia. Kitabu kinauliza swali, halafu ukigeuza ukurasa jibu liko pale. Kama kinajua, mimi nahangaika ya nini?

Namwonea huruma Mama Lineo kwa vyungu vyake. Hilo tu ndilo sikulipanga.

Mtoto wako,
Nyakallo


Maseru
22 Septemba 2001

Wifi mpendwa,

Nimekosa, na nakiri. Niliandika kama mtu wa mjini. Nilipaswa kutaja rangi. Usimwadhibu Nyakallo kwa jambo hili, lawama zote ni zangu.

Nafuu ni kwamba kazi za nyumbani hazimuui mtoto. Atafanya kazi gani huko? Namkumbuka Mama Lineo kidogo, alikuwa msichana wakati mimi naondoka. Natumaini baada ya hasara ile ameshika shughuli nyingine, si ile ya vyungu. Unajua msimamo wangu kuhusu pombe na unajua mimi ni nani kwa akina mama wa sala.

Mwambie Nyakallo shangazi yake anasema mgongo wa mlima ni jibu zuri. Yeye ataelewa.

Limakatso


Ha Rantsane
7 Oktoba 2001

Wifi,

Ahsante kwa moyo wako. Nilikuwa nimekuandikia kwa ukali, na wewe umejibu kiungwana. Hilo la mgongo wa mlima nimemfikishia, akacheka peke yake, lakini hakunieleza.

Kuhusu kazi, usiwe na wasiwasi. Mama Lineo tangu hasara ile anajishughulisha na mikate. Nyakallo anamsaidia kuloweka, kusaga na kukoroga unga. Na wifi, sijui nikwambieje, mtoto amefufuka! Anaamka kabla yangu. Anaongea akiwa anakula. Juzi alinisimamisha kisimani mbele ya wanawake akaniuliza kwa nini chachu inapumua. Anaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa Mama Lineo, na yule mama mkali anamwacha, ila anamgombeza akipanda kigoda kuandika juu sana, asikoweza kufikia yeye kufuta.

Kwa hiyo Desemba ukija kumpima, nadhani hutakuta yule mtoto wa maharage.

Mama Nyakallo


Ha Rantsane
21 Oktoba 2001

Shangazi, shikamoo.

Mama ameniruhusu nikuandikie kuhusu kazi ya Mama Lineo, lakini amesema niandike mkate. Basi naandika mkate.

Mkate unaanza na mtama. Tunauloweka, unachipua, tunaukausha, tunausaga, hicho ndicho kimea. Halafu unapikwa uji mkubwa kwenye chungu, unaachwa upoe, tunatia kimea na chachu kidogo ya mkate uliopita. Kesho yake unatoa povu na kusema psss. Ukiweka sikio unasikia. Ukiiva tunauchuja kwa lile chujio refu la kusukwa, mmoja anashika juu, mwingine anakamua chini.

Mama Lineo ana sheria nyingi. Chungu kisikae mlangoni. Mtu mwenye hasira asikoroge, ila yeye mwenyewe. Na lazima kiimbiwe. Anaimba wimbo wa kanisani taratibu, uleule kila mara, mpaka mwisho. Nikamuuliza kisipoimbiwa? Akasema, "Hakitachacha, na wewe utanilipa mtama wangu."

Nikamwomba vikombe viwili vya uji wenye chachu. Kimoja akakiimbia, kingine nikakihamishia chumba cha pili. Vyote viwili vikatoa povu. Nikamwonyesha. Akasema, "Hicho kingine kimesikia kupitia ukutani."

Basi nikarudia, nikakipeleka cha pili zizini kwa kondoo, mbali. Asubuhi kimetulia kama maji ya kunawa. Mama Lineo alifurahi kutwa nzima! "Si nilikwambia? Si nilikwambia mtoto wa kitabu?" Lakini Shangazi, zizini kuna baridi sana usiku. Sasa sijui kimekosa wimbo au kimekosa joto. Mambo mawili yamebadilika pamoja, na mimi nilitaka kubadilisha moja. Nimekasirika mpaka nimekatazwa kukoroga.

Swali hili usigeuze ukurasa unijibu. Nataka kulipata mwenyewe.

Nyakallo


Maseru
2 Novemba 2001

Mama Nyakallo,

Mkate hauchujwi.

Nimeisoma barua ya mtoto mbele ya wageni wangu wa sala, kwa fahari, kwa sauti, mpaka nikafika kwenye chujio. Nilisimama katikati ya sentensi. Sihitaji kukwambia nilivyojisikia.

Umempeleka mtoto wa kaka yangu kwenye nyumba ya pombe, ukamfundisha hata kuandika uongo. Aliyeandika yale angeweza kukaa mbele ya darasa langu la kidato cha kwanza asiaibike, na wewe umemweka katikati ya vyungu na walevi. Hapa Maseru kuna maabara na kuna vitabu ambavyo havina majibu nyuma.

Sitasubiri Januari. Tarehe mosi Desemba nakuja, na sitakuja kumpima. Nakuja kumchukua. Mfungie nguo zake.

Limakatso


Ha Rantsane
12 Novemba 2001

Wifi Limakatso,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena. Nilikudanganya, hilo ni kweli. Niliogopa tu. Niliona mtoto wangu ameamka, na nikajua ukisikia neno pombe utamchukua. Niliandika mkate nikijua ni upumbavu, kwa sababu nilitaka siku zangu na yeye ziongezeke kidogo.

Walevi hawamwoni Nyakallo. Bendera ikipanda tu yuko nyumbani, Mama Lineo mwenyewe ndiye anayemfukuza. Hajawahi kuonja hata kidole, ingawa anasema kuonja nako ni kipimo.

Nilimsomea baba mkwe barua yako. Nilidhani atakasirika nawe au nami. Akauliza, "Limakatso ameandika hivyo? Limakatso wa kabichi?" Halafu akaanza kucheka na kukohoa mpaka nikamshika mgongo. Nikamwambia anieleze. Akasema siku moja ulikuja likizo kutoka chuo cha ualimu na wenzako wawili wa mjini. Ukawatangulia mbio njiani, ukaishusha bendera nyeupe ya mama yako, ukatundika ya kijani. Wenzako wakaambiwa nyumba yenu inauza mboga. Kutwa nzima watu wanakuja kununua kabichi, na mama yako, Mungu amrehemu, anahangaika kwa majirani kuazima kabichi za kuwauzia. Mzee anasema hakukugombeza. Alisema tu, "Mwacheni mtoto, ana mitihani."

Sikulijua jambo hili. Miaka yote niliyoolewa hapa naambiwa mama mkwe alikuwa mkulima hodari, nikadhani bendera yake ilikuwa ya mboga. Mzee anasema pia chujio la Mama Lineo ni lilelile la mama yako. Alimwachia yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa anakaa naye jikoni.

Sasa wewe ndiye mkubwa, na kaka yako amekupa neno la mwisho. Nguo zake sijazifunga. Ukija utazifunga wewe, mbele yangu.

Mama Nyakallo


Maseru
19 Novemba 2001

Mpendwa Nyakallo,

Kwenye kifurushi hiki kuna kipimajoto. Usikiangushe, ni kioo. Usikitie kwenye maji yanayochemka. Kikae ndani ya kikombe mpaka kitulie, ndipo usome ukiwa umekilinganisha na jicho.

Ulichosema ni sahihi, umebadilisha mambo mawili kwa pamoja. Fanya tena. Joto liwe sawa kwenye vikombe vyote viwili, mtama uleule, chachu ileile, na wimbo tu ndio utofautiane. Uhakikishe kisichoimbiwa kiko mbali kweli, usidhani tu.

Wimbo anaouimba Mama Lineo naufahamu. Bibi yako aliuimba jikoni kwenye vyungu vilevile. Nililala chumba cha pili utoto wangu wote nikiusikia, na sikuwahi kumuuliza kama chungu kinauhitaji. Kwa hiyo jibu silijui, na halipo kwenye kitabu changu chochote. Nimetafuta.

Safari yangu ya tarehe mosi iko palepale. Kabla ya hapo nataka barua yenye jibu. Huo ndio mtihani wako wa sayansi. Uandike pombe. Hakuna haja ya mkate.

Shangazi yako,
Limakatso


Ha Rantsane
25 Novemba 2001

Shangazi, shikamoo.

Kipimajoto kimefika kizima. Babu alikiweka mdomoni kabla sijamzuia, akasema yeye ni mzima kuliko daktari.

Nimefanya hivi. Kikombe cha wimbo nilikiacha jikoni kwa Mama Lineo. Kikombe cha kimya nilikipeleka kwenye ghala letu la juu, ng'ambo ya kijito, nikakifunga blanketi pamoja na mawe niliyoyapasha moto. Mawe yakipoa nabadilisha. Kipimajoto ni kimoja, kwa hiyo nilikuwa nakimbia huku na huku mpaka vilingane. Mama aliniona nakimbia akapiga kelele kuhusu mguu. Nilikuwa nimeusahau.

Ulisema nisidhani tu. Nilimweka babu ghalani asikilize kama wimbo unafika, lakini babu hafai, hasikii hata akiwa jikoni. Nikamweka mama. Mama Lineo akaimba kwa nguvu kwa makusudi. Mama akasema hakusikia kitu.

Nimefanya mara tatu. Mara zote vikombe vyote viwili vimetoa povu, na huwezi kuvitofautisha. Mama Lineo nilimfumba macho akaonja vyote, akakisifu kile cha kimya. Kwa hiyo jibu la mtihani: pombe haihitaji wimbo. Inahitaji joto na chachu.

Niliogopa kumwambia, lakini nilimwambia. Nilidhani atanifukuza. Akaendelea kukamua chujio, halafu akasema, "Nani kakwambia naimbia chungu?" Nikamwambia ni yeye mwenyewe. Akasema, "Nilikuwa nakutisha tu usiniharibie mtama. Namwimbia Lineo, huko aliko. Chungu kinanipa nafasi ya kutulia mahali pamoja, basi." Akasema alifundishwa na bibi. Bibi alianza kuuimba mwaka ule wewe ulipokwenda chuo, na kila chungu kilikuwa cha ada yako, na kila wimbo ulikuwa wako. Kabla ya hapo alikuwa anaimba nyimbo zozote tu. Wewe ulisema umeusikia utoto wako wote. Mama Lineo anasema huo ulikuwa unausikia ukija likizo. Sijui nani amekosea, ninyi wawili mtaelewana.

Hii ya mwisho sijui kama ni sayansi, nimeiandika kwa kuwa nimeiona. Tangu barua yako ya nguo ifike, mama ameanza kuimba wimbo ule akipika ugali. Anauimba taratibu, anadhani nimelala. Ugali hauna chachu.

Ukinichukua, naomba nije na kipimajoto. Na mtu abaki kumwangalia mama, babu hafai.

Nyakallo


Maseru
30 Novemba 2001

Wifi yangu,

Barua hii anakuletea dereva wa basi mkononi, kwa sababu nilitakiwa niwe ndani ya basi hilo mimi na sanduku tupu la nguo.

Mtihani nimeusahihisha. Amefaulu. Thabang nimeshamwandikia kwamba Nyakallo atabaki kwako, na mguu ukiruhusu mwakani arudi shule ya hapo na wenzake, jioni aendelee na vyungu. Kipimajoto ni chake. Mwambie Mama Lineo kwamba yuko sahihi na mimi nimekosea, nimekaa jana usiku kucha nikikumbuka, na nyimbo za utotoni zilikuwa nyingine.

Pazia la manjano nitaliacha lilipo. Likizo za Juni ni ndefu, na akina mama wa sala nimeshawaeleza mkate ule ulikuwa nini. Wawili wameacha kunisalimia. Mmoja ameniuliza tunatumia kimea kiasi gani.

Krismasi nakuja. Msinichinjie kondoo. Nitashuka kwenye njia ya basi kule juu mlimani, nitembee kutoka hapo. Mwambie Nyakallo atundike bendera, nami nitamletea jibu kama babu yake anatia chumvi au hatii.

Iwe nyeupe.

Limakatso